Ulikuwa Wapi Baba Alipokuja?

Wapo watu ambao wakikasirika hutetemeka, na wapo wanaolia. Mimi nikikasirika nakuwa mpole. Sauti inashuka, mikono inatulia, na hata kutabasamu natabasamu. Wanafunzi wangu wananijua. Wakiona nimekuwa mwema kupita kiasi wanaanza kukaa sawa bila kuambiwa. Basi asubuhi ile ya kongamano la fasihi nilikuwa mpole kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na mwanamume niliyempenda alikuwa jukwaani anajaribu kipaza sauti, hana habari.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mwalimu mwenzangu, unanisikia huko?"

"Nakusikia vizuri sana," nikamjibu, nikatabasamu.

Na yeye akatabasamu, maskini. Alikuwa amevaa lile shati jeupe ninalolipenda, na mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni. Nilijua kilichokuwamo mfukoni mle. Nilikuwa nimekijua kwa muda usiotosha hata kumaliza kikombe cha chai.

Lazima nieleze, maana hasira isiyo na maelezo ni kelele tu.

Tulifundisha shule moja, madarasa mawili yanayopakana, kitabu kimoja: mkusanyiko wa hadithi fupi za zamani ambazo kila anayefanya mtihani lazima azichambue. Tuligawana kazi. Yeye alichukua taharuki, yaani namna mwandishi anavyomning'iniza msomaji, anaficha hiki, anaachia kile, mpaka mtu anashindwa kuweka kitabu chini. Mimi nilichukua dhamira: hadithi inasema nini hasa, na inamsemea nani. Kisha tunabadilishana madarasa. Wanafunzi wakatubatiza, yeye Bwana Taharuki, mimi Bi Dhamira, na majina yakatuganda. Kuna siku mwalimu mkuu mwenyewe alinikaribisha kwa jina hilo mbele ya wazazi, akakohoa, akajirekebisha.

Tulipendana kwa kugombana. Ukuta unaotenganisha madarasa yetu ni wa mbao, na kila aliposema jambo nisilolikubali niliugonga kwa kifutio cha ubao. Na yeye akisikia ninasema jambo asilolikubali, anagonga. Wanafunzi walikuwa wanakufa kwa kucheka. Siku moja niligonga bila sababu yoyote, ili tu na yeye agonge. Akagonga. Nikajua nimekwisha.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya hadithi moja, fupi kuliko zote kitabuni. Mama mmoja amesimama nje ya gereza. Ameambiwa leo watatoka wafungwa watatu, lakini hajui kama mwanawe ni mmoja wao. Lango linafunguka, anatoka wa kwanza, si yeye. Linafungwa. Linafunguka tena, anatoka wa pili, si yeye. Linafungwa. Bawaba zinalia mara ya tatu, na hapo hapo hadithi inaisha.

"Ona ufundi huo!" alikuwa akiniambia, macho yanamng'aa. "Mwandishi amekunyima mwisho, na kwa kukunyima amekupa hadithi ya kuishi nayo maisha yako yote."

"Ufundi gani? Kuna askari pale ndani anajua nani anatoka. Angeweza kumwambia yule mama tangu asubuhi. Hakumwambia kwa sababu kusubiriwa kuna raha yake. Hiyo ndiyo dhamira."

"Wewe unaichukia taharuki."

"Kwenye kitabu naipenda. Kitabu naweza kukifunga."

Alicheka sana siku ile, akanitazama kwa muda mrefu kupita adabu, akasema, "Nitakuoa wewe." Nami nikasema, "Kamwulize mama yako kwanza."

Nilitania, lakini mama yake hakuwa wa kutaniwa. Mimi ni mtalaka. Niliozwa mapema kwa mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kutorudi nyumbani, mpaka siku moja akapata sababu ya kudumu. Mama yake Bwana Taharuki alipolisikia hilo alisema wazi: "Mwanangu hajawahi kuoa. Kwa nini aanze na mke aliyekwisha achwa? Kwani wasichana wamekwisha duniani?" Maneno hayo aliniletea mwanawe mwenyewe, machozi yanamlengalenga, akaapa atazungumza na mama yake mara ya mwisho. Hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi uliopita. Tangu hapo kila nikimwuliza jibu lilikuwa lile lile.

"Bado anafikiri. Vumilia, mpenzi. Mwisho utakuwa mtamu."

Nikavumilia. Nikakonda mpaka sketi zikaanza kuzunguka kiunoni. Baba akaona, akanyamaza. Baba yangu ni fundi wa makochi. Kutwa nzima ana pini za kushikizia kitambaa mdomoni, kwa hiyo hata akitaka kusema hasemi. Na kuomba ndiyo hajui kabisa. Amewahi kushona nyumbani kwa mteja tangu asubuhi mpaka jioni bila kunywa maji, kwa sababu tu hawakumkaribisha.

Sasa, asubuhi ya kongamano. Nimefika mlangoni mwa ukumbi, nani kanirukia shingoni? Dada yake. Ni muuguzi, mcheshi, mwenye mdomo usio na kifuniko, na mimi nampenda.

"Wifi! Umependeza hivyo! Basi huyu ameshindwa kuvumilia, kakwambia, siyo?"

Ningesema sijaambiwa kitu, angenyamaza. Nikasema, "Kaniambia."

"Nilijua tu! Afadhali, maana mimi nilikuwa napasuka! Wiki tatu, wifi, nyumba nzima tumekula kiapo! Mama alikubali siku ile ile waliyozungumza. Alilia kidogo, akasema haya, kama ndiye unayemtaka mlete, mimi nimechoka kugombana na mtoto niliyemzaa. Ni kaka ndiye aliyesema asiambiwe mtu, mpaka siku ya kongamano, mbele ya wanafunzi wote. Pete iko mfukoni tangu jana. Anaipapasa kama mtu mwenye upele!"

Msinielewe vibaya. Nilifurahi. Moyo wangu ulipiga kelele. Amekubali! Nilimkumbatia wifi yangu, nikacheka naye pale mlangoni, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na mwanamke mwenye bahati kunizidi. Laiti angenyamaza hapo.

"Na siku aliyokuja baba yako sasa!" akaendelea, amenishika mkono. "Jamani, mama alijikaza!"

"Baba yangu alikuja kwenu?"

"Kwani hakukwambia? Alikuja, amevaa na koti. Akakaa kwenye lile kochi alilotushonea mwenyewe, pembeni kabisa, kama vile litamng'ata. Akasema, 'Mama, mwanangu hana kosa. Kama lipo kosa ni langu mimi niliyemwoza mapema. Nakuomba umtazame kama mtoto wako.' Mama hakujua atazame wapi! Karibu aseme, wifi, maneno yalikwisha fika kwenye meno, ila alikuwa amemwahidi kaka. Basi akasema, 'Nitafikiri, mzee wangu.' Baba yako akamshukuru. Akamshukuru mara mbili, akaenda zake. Tulipofunga mlango sote tukaangua kicheko. Si kwa ubaya, wifi! Tulikuwa tunawaza atakavyofurahi siku akijua!"

Nilimwangalia. Nikamtengeneza ukosi wa gauni lake uliokuwa umekunjika.

"Nenda kakae mbele, wifi," nikamwambia. "Utaona vizuri."

Hapo ndipo upole uliponishika.

Ukumbi ulijaa. Shule nne zilikuwa zimeleta wanafunzi, wamebanana mpaka kwenye ngazi. Bwana Taharuki alikuwa katika siku yake. Nisimnyime haki yake: hakuna anayeisoma hadithi kwa sauti kama yeye. Alipofika kwenye bawaba zinazolia mara ya tatu alifunga kitabu, akawatazama.

"Mwalimu!" msichana mmoja akapiga kelele. "Alikuwa mwanawe au hakuwa mwanawe?"

"Unateseka?"

"Nateseka!"

"Vizuri sana. Anayeteseka hivyo ndiye anayesoma." Wakacheka. Akashika kiuno, akatembea mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Taharuki ni kama njaa kabla ya chakula, wanangu. Ukimlisha mtu kabla hajaona njaa, hata wali wa harusi atausukuma pembeni. Msomaji msubirishe. Msubirishe mpaka akuchukie. Halafu mpe mwisho, uone atakavyokushukuru."

Msubirishe mpaka akuchukie. Alisema hivyo, kwa kinywa chake, mbele yangu.

"Na leo," akaendelea, sauti imeshuka, "nataka niwaonyeshe kwamba taharuki haiko vitabuni tu. Kuna hadithi nyingine. Mhusika wake mkuu yumo humu humu ukumbini, na wiki zote hizi hajui mwisho wake."

Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Mbele kabisa, wifi yangu aliinua simu tayari kupiga picha. Nikauona ule mkono wa kushoto unaanza kutoka mfukoni.

Nikasimama, nikakishika kipaza sauti changu.

"Samahani, Bwana Taharuki. Kabla hujaendelea, ni zamu ya dhamira."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni ule ugomvi wetu wanaoujua. Na yeye alidhani hivyo hivyo. Akainama kidogo, akanipisha, mkono ukarudi mfukoni.

"Kila mwaka," nikasema taratibu, "hadithi hii tunaisoma tukimtazama mama. Leo mtazameni askari. Anazo funguo. Anajua nani anatoka. Kuna tundu kwenye lango, na kupitia tundu lile anamwona yule mama amesimama juani. Mnadhani anamchukia?"

"Hapana," wakajibu wachache.

"Hata mimi nadhani hamchukii. Inawezekana anampenda. Inawezekana anawaza hivi: akimwona mwanawe ghafla, furaha itakuwa kubwa zaidi. Sasa niambieni. Furaha hiyo anamwandalia nani?"

Msichana yule aliyekuwa akiteseka akainua mkono pole pole.

"Anajiandalia yeye, mwalimu. Anataka aone uso wa mama."

"Kaa chini, mwanangu. Umefaulu." Sikumtazama Bwana Taharuki, lakini nilisikia viatu vyake vimeacha kusogea. "Msomaji wa hadithi amekubali mwenyewe kusubirishwa. Akichoka, anafunga kitabu anakwenda kula. Yule mama hakukubali kitu. Hana cha kufunga. Mtu aliye hai ukimficha jambo lake mwenyewe, jambo linalomnyima usingizi, kwa sababu unapenda sura atakayoifanya ukimwambia, huo si ufundi. Hicho ni kiburi kilichovaa nguo za sikukuu. Andikeni hilo kwenye mtihani, na msahihishaji akiwanyima alama mwambieni aje kwangu."

Walipiga makofi mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka. Nikawashukuru, nikawaambia tumemaliza, waende wakanywe maji. Nilipogeuka nilimkuta ananitazama, rangi imemtoka. Alikuwa ameelewa. Hakuwa mjinga, laiti angekuwa mjinga ningemsamehe.

Nyuma ya jukwaa kuna chumba wanamohifadhi viti vilivyovunjika na mavazi ya kikundi cha maigizo. Niliingia mle, na yeye akanifuata, akafunga mlango.

"Nani amekwambia?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Ni dada. Lazima ni dada. Mdomo wake ule..."

"Mdomo wa dada yako ndicho kitu pekee kizima nyumbani kwenu."

"Sikiliza, mpenzi. Nilitaka kukupa siku ambayo hutaisahau."

"Umenipa. Sitaisahau."

"Usiongee hivyo. Usiongee kwa upole hivyo, unanitisha. Nipigie kelele."

"Ukitaka kelele karudi ukumbini."

Akapiga hatua, akataka kunishika mikono. Nikairudisha nyuma.

"Zilikuwa wiki tatu tu," akasema. "Kitu gani wiki tatu kwa watu watakaoishi pamoja mpaka uzeeni?"

"Wiki tatu nimelala na maneno ya mama yako. Najitazama kwenye kioo naona bidhaa iliyorudishwa dukani. Na wewe ulikuwa unakuja, unakaa karibu yangu, unanifuta machozi, unaniambia vumilia. Ulikuwa unanifuta machozi na dawa yake unayo! Ungesema neno moja tu. Amekubali. Neno moja, halafu ungeandaa sherehe yako na tarumbeta ukitaka, nisingekukataza!"

Nilikuwa nimeanza kupaza sauti bila kujua. Na yeye akapandisha yake.

"Na wewe! Na wewe umejiona? Kila kitu unakichambua! Mtu hawezi kukupa zawadi bila wewe kumwuliza dhamira yake! Nani aligombana na mama yake mzazi kwa ajili yako? Nani aliambiwa ahame nyumbani? Nilikula chakula changu jikoni kama mpangaji, kwa ajili yako! Nikashinda! Kwa nini nisishangilie ushindi wangu?"

"Ushangilie. Kwa nini ulishangilia peke yako?"

Alikaa juu ya kiti kisicho na mgongo, akajishika kichwa. Nilimtazama kisogo chake, ile sehemu nywele zinapozunguka, na mkono wangu ulitaka kwenda pale wenyewe. Ndio ubaya wa mapenzi. Mtu anakukosea na bado kisogo chake ni kile kile.

"Nimekosea," akasema. "Nimekosea, haya. Nilijisahau. Nilitaka iwe tamu. Tukitoka hapa nitawaambia wote nilikuwa mpumbavu. Nisamehe, tuyaache."

Na ningemsamehe. Kwa zile wiki tatu zangu peke yangu, ningemsamehe pale pale katikati ya mataji ya karatasi na mapazia yenye vumbi. Nilikuwa nimekwisha anza. Lakini kulikuwa na swali limenikaa kooni tangu mlangoni mwa ukumbi, na nilijua kwamba jibu lake ndilo litakalonioa au kuniacha.

"Nijibu jambo moja tu," nikasema. "Siku baba yangu alipokuja kwenu, ulikuwa wapi?"

Aliinua uso, halafu akauteremsha.

Nilimwomba Mungu. Aseme alikuwa sokoni. Aseme alikuwa shuleni, safarini, msibani, popote. Aseme aliambiwa baadaye na alikasirika. Hata angenidanganya, nadhani siku ile ningekubali kudanganywa.

"Chumba cha ndani," akasema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote." Sauti ilimkatika. "Nilishika kitasa. Naapa kwa Mungu nilishika kitasa cha mlango nitoke. Aliposema kosa ni lake nilitaka kutoka. Nikajiambia zimebaki siku chache, nikitoka sasa nitaharibu kila kitu."

"Ungeharibu nini?"

Alipojibu nadhani na yeye alijisikia kwa mara ya kwanza.

"Mwisho."

Nilicheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka tu. Baba yangu, mzee asiyeomba hata maji, amevaa koti lake la misibani, amekaa ukingoni mwa kochi alilolishona kwa mikono yake, anajishusha mbele ya mwanamke aliyekwisha kubali. Hatua chache kutoka pale, nyuma ya mlango, mwanamume anayesema ananipenda ameshika kitasa. Halafu anakiachia. Na baba anashukuru. Mara mbili.

"Alirudi nyumbani siku ile akaniambia alikwenda kupima kochi," nikasema. "Akakaa kimya mpaka kesho yake. Nilidhani anaumwa."

"Nitakwenda kwake. Sasa hivi. Nitapiga magoti, nitamwambia kila kitu, hata pale kwenye mlango nitamwambia. Acha anitukane. Acha anipige." Alisimama, akaitoa pete mfukoni, akaniangalia kwa macho yale yale aliyoniangalia siku aliyosema atanioa. "Lakini niambie kwanza. Nikitoka kwa baba, nikirudi hapa, utanijibu nini?"

Ningeweza kunyamaza. Msiseme sikulifikiria hilo. Lilipita kichwani, na lilikuwa tamu kweli kweli. Ningemwambia, nenda, tutaona. Angekwenda njia nzima anahesabu. Angelala na kuamka na swali langu, akonde, suruali zimzunguke. Angejua.

"Ukirudi jibu litakuwa hapana," nikasema. "Na ukitaka kulisikia sasa, ni hapana sasa. Siolewi na wewe."

"Usijibu leo. Una hasira. Nipe muda, nipe hata..."

"Hasira nitakuwa nayo hata mwakani. Nakwambia kabla hujatoka kwa sababu sitaki uende kwa baba yangu ukidhani unakwenda kuninunua mimi. Ukienda, nenda kwa ajili yake. Ukiona hakuna faida tena, nenda kwenu."

"Hunipendi?"

"Nakupenda." Machozi yalikuwa yanatiririka sasa na sikuyafuta. "Nakupenda mpaka nashindwa kusimama vizuri. Lakini ipo siku mimi ndiye nitakuwa nimekaa kwenye kochi, naomba kitu, na wewe uko nyuma ya mlango umeshika kitasa. Na sitajua. Siwezi kuishi ndani ya nyumba nikiitazama milango."

Alisimama pale. Pete aliishika kama mtu aliyeokota kitu barabarani asijue akipeleke wapi. Mwishowe aliirudisha mfukoni, akafungua mlango, akatoka. Nikamsikia dada yake anamwita, "Kaka! Kaka, vipi, imekuwaje?"

Nilikwenda dirishani. Sikutaka kwenda, nilikwenda. Nilimwona anakatiza uwanja katikati ya wanafunzi waliokuwa wakimpungia mikono, "Bwana Taharuki! Bwana Taharuki!" akipita kama hawaoni. Nje ya shule barabara inagawanyika. Kulia kuna kituo cha basi, na basi ndilo la kwenda kwao. Kushoto, baada ya kiwanda cha matofali, ndiko kuna kibanda cha baba, na saa ile baba alikuwa kazini, pini mdomoni, hajui kitu.

Alifika pale njia panda akasimama. Basi lilikuwa limekwisha fika, kondakta anamwita kwa mkono, mlango wazi. Hakuwa na cha kupata tena upande wowote. Nilikuwa nimehakikisha hivyo.

Basi likaondoka. Yeye akakata kushoto, akakaza mwendo, halafu akaanza kukimbia, shati jeupe limetoka nje ya suruali, na mimi nikaubana mdomo wangu kwa mikono miwili ili nisimwite.